Cheti au ujuzi: kipi kinacholipa mshahara?

(Mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.)

Hapa Babati ninapoishi, biashara kubwa kuliko zote ambayo mzazi wa kawaida huifanya maishani mwake si ya mbaazi wala si ya ng'ombe. Ni ya kumsomesha mtoto. Ni kweli kwamba ada ya sekondari katika shule za Serikali iliondolewa tangu Januari 2016. Lakini sare, madaftari, nauli, chakula na godoro la bweni havikuondolewa. Na zaidi ya hayo, kijana aliyeko darasani hayupo shambani. Nguvu zake za miaka minne au sita nazo ni gharama, ingawa hakuna anayemwandikia mzazi stakabadhi.

Sasa, mtu anayetoa fedha nyingi kiasi hicho ana haki ya kuuliza anachonunua ni kitu gani. Je, ananunua karatasi yenye mhuri, ambayo mwajiri akiiona humfungulia kijana mlango? Au ananunua ujuzi, yaani uwezo wa kusoma, kuandika, kuhesabu na kufikiri? Wengi tutasema vyote viwili. Jibu hilo ni rahisi mno. Iwapo ni karatasi ndiyo yenye thamani, basi busara ni kuitafuta kwa njia yoyote, hata ya mkato. Iwapo ni ujuzi, basi karatasi bila ujuzi ni hasara tupu, na wizi wa mtihani ni kujiibia mwenyewe.

Habari njema ni kwamba swali hili halikubaki kwenye vijiwe vya kahawa. Lilipimwa, tena halikupimwa Ulaya wala Marekani. Lilipimwa kwa wafanyakazi wa Dar es Salaam na Nairobi. Mmoja wa waliolipima alikuwa mwanauchumi wa Kimarekani, Richard Sabot, ambaye baadaye alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo cha Williams, jimbo la Massachusetts. Jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa sehemu kubwa ya aliyoyajua kuhusu kazi na elimu aliyajua kwa kutuuliza sisi. Ndiyo maana leo nimeona nieleze kazi yake kwa lugha nyepesi.

Sabot alizaliwa mwaka 1944 na akapata shahada yake ya juu Oxford, Uingereza. Hakuanza na shule, bali alianza na watu wanaohama. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Manfred Bienefeld, wakifanya kazi na Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliendesha uchunguzi mkubwa wa kaya katika miji 7 ya Tanzania Bara. Watu waliulizwa walizaliwa wapi, walikuja mjini lini, walisoma hadi wapi, wanafanya kazi gani na wanapata kiasi gani.

Katika miaka ile viongozi wengi waliamini kwamba kijana anayekimbilia mjini ni mvivu anayekwepa jembe na kufuata taa za barabarani. Wanauchumi wawili waliokuwa wamefanya kazi Nairobi, John Harris na Michael Todaro, walikuwa wametoa maelezo tofauti mwaka 1970. Walisema kijana huyo anapiga hesabu. Anajua mshahara wa mjini ni mkubwa kuliko mapato ya shambani. Anajua pia kwamba si kila anayefika hupata kazi. Kwa hiyo anauzidisha ule mshahara kwa bahati ya kuupata, kisha analinganisha na kile anachokiacha nyumbani. Hesabu ikimwonyesha faida, anapanda basi, hata kama atakaa mwaka mzima bila kazi.

Sabot alizichukua takwimu za miji yetu akaona kwamba maelezo haya yana nguvu. Mishahara ya mjini ilikuwa imepanda sana katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ilhali mapato ya mkulima hayakwenda kwa kasi hiyo. Watu walifuata tofauti hiyo. Matokeo aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1979 kuhusu uhamiaji wa mijini nchini Tanzania tangu mwaka 1900 hadi 1971.

Wenye umri watakumbuka Serikali ilichofanya. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini. Si muda mrefu wengi wao walikuwa wamerudi. Lori linaweza kumhamisha mtu, lakini haliwezi kuibadili hesabu iliyo kichwani mwake.

Sisi wa Babati tunalielewa jambo hili bila kuandikiwa. Mji wetu umekaa njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na makao makuu yake yakawekwa hapa, zilikuja ofisi, na ofisi zikaleta mishahara. Nyuma ya mishahara wakaja mama lishe, mafundi cherehani, wauza simu na waendesha bodaboda. Vijana wanatoka Magugu, Bonga na Dareda kuja Babati. Na wa Babati nao wanapanda basi kwenda Arusha. Kila mmoja anapiga hesabu ileile.

Uchunguzi wa namna hii ulionyesha jambo jingine pia, kwamba waliokuja mjini kwa wingi walikuwa wale waliopitia shule. Hapo ndipo kazi ya Sabot ilipogeuka kutoka njia ya basi kwenda darasani. Je, shule ilikuwa inawafanyia nini watu hawa mpaka waajiri wakawalipa zaidi?

Ndugu wasikilizaji, naomba mnifuate polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kwamba aliyesoma hulipwa zaidi kuliko asiyesoma ni jambo lililojulikana siku nyingi. Ubishi ulikuwa juu ya sababu yake, na sababu zilizotolewa zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilisema shule humpa mtu ujuzi, ujuzi humfanya afanye kazi vizuri zaidi, na mwajiri hulipia kazi hiyo. Ya pili ilisema shule haiongezi lolote la maana. Wanaofaulu kuendelea ni wale waliozaliwa na akili nyingi, na wangelipwa vizuri hata kama wasingesoma. Ya tatu ilisema mwajiri hajui kilichomo kichwani mwa mtu, na hana muda wa kukichunguza. Anatazama cheti tu, kama mfanyabiashara anayenunua gunia kwa kusoma chapa iliyopigwa nje bila kufungua akaona punje.

Kwa raia wa kawaida tofauti hizi huonekana kama ubishi wa wasomi. La hasha. Kama sababu ya tatu ndiyo ya kweli, kujenga shule nyingi ni kuchapa chapa nyingi tu. Kila mtu akiwa na kidato cha nne, mwajiri atadai kidato cha sita, na nchi haitazalisha hata kilo moja ya zaidi. Kama ya pili ndiyo ya kweli, fedha ya shule imepotea bure. Ni ile ya kwanza peke yake inayompa Waziri wa Elimu haki ya kuomba bajeti, na inayompa mzazi wa Babati sababu ya kuuza ng'ombe.

Utawezaje kuzitenganisha? Mkulima anajua njia. Akitaka kufahamu kama ni mbegu au ni palizi iliyoleta mavuno, atatafuta mashamba mawili yanayopakana, yenye udongo mmoja na mvua moja, ila moja limetunzwa hivi na jingine vile. Sabot na mwenzake wa Oxford, John Knight, waliyaona mashamba hayo. Yalikuwa Kenya na Tanzania.

Nchi hizi mbili zilitawaliwa na Mwingereza mmoja na kurithi mfumo unaofanana wa shule na wa utumishi. Wakati wa utafiti, zote zilikuwa na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya juu. Uchumi wao ulikuwa wa kilimo, na watu wengi waliishi vijijini. Lakini baada ya uhuru ziliachana njia kwenye sekondari.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ilisema elimu ya msingi ni ya wote, na ikaisukuma kwa nguvu hadi miaka ya 1970. Sekondari ilisema itolewe kwa kadiri nchi inavyohitaji wataalamu, na nafasi zikabanwa. Kenya nayo iliwaachia wananchi wajenge. Wazazi walichanga na shule za Harambee zikaota kila mahali, nyingine nzuri, nyingine hafifu. Kufikia mwaka 1980 Kenya ilikuwa na karibu watoto 20 kati ya kila 100 wa umri wa sekondari waliokuwa shuleni. Tanzania hawakufika 5.

Mwaka huo wa 1980, kwa msaada wa Benki ya Dunia ambako Sabot alikuwa akifanya kazi, watafiti waliwahoji wafanyakazi wa kuajiriwa Nairobi na Dar es Salaam. Waliuliza mshahara, umri, uzoefu na elimu. Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida katika utafiti wa aina hiyo. Baadhi ya wafanyakazi walipewa mitihani palepale, watu wazima, wengine wakiwa miaka mingi nje ya darasa.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa picha, hauna neno wala tarakimu. Unaonyeshwa mchoro wenye pengo na kuambiwa utafute kipande kinachoziba. Huo ulipima akili ya kufikiri, ile ambayo mtu anaweza kuwa nayo hata kama hakusoma sana. Mtihani wa pili ulikuwa wa kusoma na kuelewa pamoja na hesabu. Huo ulipima kile kilichobaki kichwani kutokana na shule. Cheti walikuwa nacho tayari kwenye majibu ya elimu. Kwa hiyo mambo yote matatu yalikuwa mezani kwa wakati mmoja, nayo ni akili ya asili, ujuzi uliojifunzwa na miaka ya shule. Kilichobaki kilikuwa kutazama ni kipi kati ya hivyo kinachokwenda sambamba na mshahara pale viwili vingine vinapokuwa sawa.

Majibu yalichapishwa mwaka 1985 katika jarida kubwa la wanauchumi wa Marekani. Waandishi walikuwa watatu, Maurice Boissiere, Knight na Sabot. Akili ya asili peke yake ilikuwa na uzito mdogo kwenye mshahara. Miaka ya shule peke yake ilikuwa na uzito wa kiasi. Kilichokuwa na uzito mkubwa ni ule mtihani wa kusoma na kuhesabu. Watu wawili waliomaliza darasa moja walitofautiana mshahara kwa kadiri walivyotofautiana katika kile walichokijua.

Tena jambo hilo lilionekana katika nchi zote mbili. Kenya, ambako makampuni binafsi yalikuwa mengi, mtu angelitarajia. Lakini Tanzania ya 1980 mwajiri mkubwa alikuwa Serikali na mashirika ya umma, na mishahara ilipangwa kwa ngazi kutoka juu. Hata huko, ujuzi ulijipenyeza hadi kwenye bahasha ya mshahara. Na haukuwa wa makarani peke yao. Wafanyakazi wa kazi za mikono nao walilipwa zaidi walipojua zaidi.

Naam, mwajiri anaweza kununua gunia kwa chapa siku ya kwanza. Lakini gunia linakaa ghalani mwake. Mwezi wa tatu au mwaka wa tatu atakuwa amekwisha kuzijua punje.

Matokeo kamili ya kulinganisha nchi hizi mbili yalitoka katika kitabu cha Knight na Sabot mwaka 1990. Yamo mengine ambayo yatuhusu hadi leo, nami nitayataja mawili.

La kwanza ni kushuka ngazi. Kenya ilipokuwa na vijana wengi wa kidato cha nne, wote hawakupata ukarani. Baadhi yao walishuka wakachukua kazi za mikono ambazo zamani zilifanywa na wa darasa la saba, na wa darasa la saba wakasukumwa chini zaidi au nje kabisa. Tofauti ya mshahara kati ya aliyesoma sana na aliyesoma kidogo ilipungua, kama bei ya mbaazi inavyoshuka zikijaa sokoni. Tanzania nayo ilipunguza tofauti hiyo, lakini kwa amri ya Serikali zaidi kuliko kwa wingi wa wasomi. Kwa hiyo upanuzi wa shule ulikuwa chombo cha usawa. Ulimwondolea mtoto wa mkubwa ule upweke wake wa kuwa msomi pekee.

La pili linauma kidogo kwetu. Ungetarajia kwamba Tanzania, iliyochuja wanafunzi wake kwa chekeche kali kabla ya kuwaingiza sekondari, ingekuwa na wahitimu wenye alama za juu kuliko Kenya iliyofungua milango. Haikuwa hivyo. Kwa kiwango kilekile cha elimu, wafanyakazi wa Nairobi walifanya vizuri zaidi katika mitihani ile. Kuchuja peke yake hakukutosha. Kilichofanyika ndani ya darasa kilikuwa na neno lake.

Sisemi haya ili kumbeza mtu yeyote. Elimu ya msingi kwa wote iliwafundisha mamilioni kusoma, na migawo ya nafasi kwa mikoa iliwafikisha sekondari watoto wa sehemu ambazo zingesahauliwa, za wafugaji wa huku kwetu zikiwamo. Lakini bei ya uamuzi ule ilikuwepo, na ni Sabot na Knight waliotuandikia hati yake.

Hata hivyo lazima niwe mwangalifu. Utafiti ule uliwahoji watu wenye ajira ya mshahara, tena katika miji mikubwa miwili, miaka mingi iliyopita. Haukumhoji mkulima wa Dareda wala muuza mitumba. Leo hapa Babati vijana walio wengi wanajiajiri, na hakuna mwajiri wa kuwasomea cheti. Lakini litafakari hilo. Ambaye hana mwajiri hana hata wa kudanganywa na chapa. Mteja hamwulizi fundi pikipiki daraja alilopata. Anaangalia kama pikipiki imewaka. Kwa huyo wa kujiajiri, ujuzi ndio mtaji wote uliobaki.

Sabot mwenyewe hakuishia Afrika Mashariki. Pamoja na wenzake alikwenda vijijini Pakistan kuuliza kwa nini wasichana wanajua kusoma na kuhesabu kidogo kuliko wavulana. Walikuta kwamba sehemu isiyo ndogo ya pengo hilo ilitokana na kukosekana kwa shule karibu ambayo msichana angeweza kuhudhuria, na wala si upungufu wa akili. Kisha mwaka 1995, yeye na Nancy Birdsall na David Ross waliandika juu ya nchi za Asia ya Mashariki. Ilikuwa imezoeleka kusema kwamba nchi ikitaka kukua haraka lazima ivumilie tofauti kubwa za kipato kwanza. Wao walionyesha kinyume chake. Mwaka 1960 Korea Kusini ilikuwa imekwisha kuwaingiza karibu watoto wote katika shule ya msingi, wakati Pakistan haikufikia hata nusu. Miaka iliyofuata moja ilipaa na nyingine ikabaki nyuma. Elimu iliyotandazwa kwa wengi ilileta ukuaji na usawa kwa pamoja.

Profesa huyu hakuridhika na kuandika juu ya kazi za watu wengine. Mwaka 1992 alishirikiana na kijana aliyekuwa mwanafunzi chuoni Williams, Bo Peabody, wakaanzisha kampuni iliyoitwa Tripod. Shabaha ya awali ilikuwa kuwapa vijana wanaotoka chuoni maarifa ya kuanzia maisha na kazi. Ikageuka kuwa mahali pa watu kujitengenezea kurasa zao kwenye intaneti, na mwaka 1998 ikanunuliwa na kampuni ya Lycos kwa makumi ya mamilioni ya dola. Baadaye alishiriki kuanzisha Eziba, iliyouza kazi za mikono za mafundi wa nchi mbalimbali. Hiyo haikudumu. Ilifungwa mwaka 2005, na mwaka huohuo, mwezi Julai, Sabot alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 61. Kituo kimoja cha utafiti wa maendeleo huko Washington kilianzisha mhadhara wenye jina lake.

Tuyarudishe sasa maneno haya nyumbani. Tangu mwaka 2004 Tanzania imefanya kile ilichokikataa miaka ya 1970. Tulijenga shule za sekondari za kata, na wazazi tulibeba mawe na mchanga kama Wakenya wa Harambee. Ada ikafutwa mwaka 2016. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 inataka mtoto asome miaka 10 kwa lazima. Ni hatua kubwa, na mtu yeyote anayeikumbuka enzi ya kuchaguliwa mmoja au wawili kutoka shule nzima ya msingi hawezi kuibeza.

Lakini na kule kushuka ngazi kumetufikia. Kazi ambayo zamani ilifanywa na mwenye kidato cha nne, leo tangazo lake linataka stashahada. Kijana wa kidato cha nne anaendesha bodaboda, na wa shahada anafungua duka la M-Pesa. Wazee wanatikisa vichwa na kusema elimu imekwisha kuwa haina maana.

Jibu la utafiti ule ni kwamba maana ipo, ila imehamia mahali pengine. Zamani cheti kilikuwa adimu, na kwa uadimu wake kilimbeba hata asiyejua vizuri. Sasa hakibebi tena. Kinachobaki kumtofautisha kijana na mwenzake ni ujuzi, na huo haupatikani kwa kuongeza madawati tu.

Ushahidi wa karibuni zaidi upo papa hapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza pamoja na wanauchumi, akiwamo Profesa Isaac Mbiti, walifanya jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kundi la pili halikupewa ruzuku hiyo, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo kati ya Kiswahili, Kiingereza na hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza watoto walichojua. Bahashishi peke yake ilileta mabadiliko ya kusuasua. Viwili vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi. Fedha inahitajika, na sababu ya kuitumia kufundishia inahitajika pia. Kimoja bila kingine ni mguu mmoja.

Sasa, ndugu yangu mzazi, wewe unaweza kufanya nini bila kungoja Wizara? Tumezoea kwenda shuleni na kuuliza, "Mwalimu, kijana wangu amekuwa wa ngapi?" Swali hilo ni la cheti. Ongeza na hili, "Mwalimu, kijana wangu anaweza kufanya nini sasa ambacho mwaka jana hakuweza?"

Na nyumbani usingoje mtihani wa taifa. Mpe mtoto gazeti hili akusomee habari moja kwa sauti, kisha afunge ukurasa akueleze alichosoma. Mwambie kwamba mnunuzi wa mbaazi amepima kilo 64, na tuseme bei ni shilingi 1,250 kwa kilo, akutajie jumla. Ni shilingi 80,000. Akikutajia 70,000, umeijua shule yake vizuri kuliko ripoti yoyote yenye mhuri, na mnunuzi asiye mwaminifu naye ataijua siku hiyohiyo.

Kwa viongozi wetu ninalo neno moja. Tunahesabu madarasa yaliyojengwa, madawati yaliyopelekwa na asilimia ya waliofaulu. Vyote hivyo vina faida yake. Lakini wafanyakazi wale wa Dar es Salaam na Nairobi, walioketi mwaka 1980 wakafanya mtihani wa ukubwani, walitufundisha kwamba soko la kazi linahesabu kitu kingine. Linahesabu kinachobaki kichwani baada ya sare kuchanika. Katika kila baraza la madiwani na kila kikao cha wazazi, hilo ndilo la kuulizwa kwanza.